Mikono Yote Juu

"Tena," alisema Mwalimu Sikitu, akikaza fundo.

Kitambaa kilikuwa kipande cha kanga kuukuu. Alikuwa amekizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Zamda, kisha akakifunga kwenye mguu wa dawati. Hakukifunga kwa nguvu. Alitaka tu mtoto ausikie mkono wake kabla haujaruka. Darasa lilikuwa tupu. Wenzake walikuwa uwanjani wakila, na juu ya ubao Jicho, kamera ya Jiji, lilikuwa limefumba, taa yake ya kijani imezimika kama kawaida ya saa ya chakula.

"Maji ya mtungini ni baridi kuliko ya ndoo, na vyote viko chumba kimoja. Kwa nini?"

Dawati zima lilisogea. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshapaa mpaka mwisho wa kitambaa, na chupa ya maji ilikuwa inabingirika sakafuni. Mkono wa kulia ulikuwa bado umelala mapajani, umetulia kama mgeni asiyejua anasubiriwa.

"Kwa sababu mtungi unatoka jasho, mwalimu. Jasho likikauka linaondoka na joto. Ndoo ya plastiki haitoki jasho."

"Jibu ni zuri. Na mkono?"

"Mkono umekosea." Zamda alilitazama lile fundo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na uso wa mtu anayepima maneno ya wakubwa kabla ya kuyanunua. "Lakini mwalimu, mbona unaniuliza mimi, halafu unaugombeza mkono?"

Sikitu alililegeza fundo kidogo. Alipokuwa darasa la kwanza, jirani yake wa dawati alikuwa akichapwa rula kwenye vidole vya kushoto, mwalimu akisema mkono huo kazi yake ni chooni. Sikitu alisomea ualimu akijiambia kwamba yeye hatakuwa wa namna ile. Sasa amepiga magoti mbele ya mtoto wa watu, anamfunga kama kuku wa sikukuu.

Lakini Mchujo ulikuwa Ijumaa, na Jicho ndilo lingesema nani aende sekondari na nani Stadi.

Walimu wa Shule ya Kisimani B walikuwa wameanza kulisema jambo hili kwa utani. "Jicho halipendi mashoto," walisema wakinywa chai, kama mtu anavyosema mvua haipendi nguo zilizoanikwa. Utani ulimwishia Sikitu siku ya Mchujo wa mwaka jana, Jicho lilipomtaja Shija aende Stadi. Shija, aliyemsahihisha Sikitu mwenyewe ubaoni mara mbili kwa adabu zote. Shija, aliyekuwa akiandika kwa kushoto, mkono umejikunja kama anaificha siri.

Stadi haikuwa jela. Watoto walifundishwa kuzifungua betri chakavu za magari na kuziunda upya. Walikula, walilala, hawakupigwa. Ila mlango wa Stadi uliingiwa tu. Aliyepita hapo hakurudi shule.

"Hodi humu! Mwalimu, unafunga mtoto au mbuzi?"

Aliyesema ni Hoza, fundi wa Macho, amesimama mlangoni na ngazi yake begani. Kila muhula alipita shule hadi shule akiyafuta vumbi na kuyapima. Zamda alicheka. Sikitu alikifungua kitambaa upesi, akakitia mfukoni, akamwambia mtoto akimbie akale kabla maharage hayajaisha.

Hoza hakupanda ngazi. Aliiegemeza ukutani, akakaa juu ya dawati la mbele.

"Kwa hiyo na nyinyi mmeliona," alisema.

"Kuona nini?"

"Mkono wa kushoto. Mimi nimekuwa nikiuliza ofisini tangu mwaka jana. Wananiambia, Hoza, wewe futa vumbi."

Alitoa kishkwambi chake, akakifuta kwa kiwiko. Alikuwa kijana mtaratibu, aliyesomea shule za bweni za kulipia huko kaskazini, na alipoeleza kitu alikieleza polepole kana kwamba anakishusha kutoka juu ya kabati.

"Jicho halijui sayansi, mwalimu. Halijui hata mbili na mbili. Linatazama tu. Sisi tulilionyesha picha za madarasa za mwaka mzima, kisha tukaliambia: hawa walifaulu mtihani, hawa walifeli, tafuta mwenyewe walitofautiana wapi. Likatafuta. Shingo inavyokaa, macho yanakokwenda, kalamu inavyosimama. Mambo mia. Na katika mambo hayo mia, hakuna zito kama mkono wa kushoto. Mtoto akiunyoosha ule, Jicho linaandika: hajui. Hata akijibu sawa, linaona amebahatisha. Mimi nataka kujua lilijifunza wapi."

"Picha zenyewe zilipigwa shule gani?"

"Moja tu. Shule ya Mfano, kule Mji wa Juu. Tazama."

Kwenye kioo lilionekana darasa lenye watoto wengi, sare zimepigwa pasi, kucha zimekatwa. Mezani kwa mwalimu palikuwa na kitambaa cha maua na chupa ya soda isiyofunguliwa. Sauti ya mwanamume, nene na ya furaha, iliuliza swali juu ya mito ya nchi, kisha ikaita, "Mikono yote juu!" Mikono yote ikapaa. Hakuna mtoto aliyebaki chini. Mwalimu akachagua mmoja, akajibu sawa. Akachagua mwingine, sawa tena.

Sikitu aliangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Hapo kuna mgeni rasmi! Hoza, kwani wewe hukusoma shule na watu?" Alijifuta machozi. "Mgeni rasmi akija, darasa zima linanyoosha mkono, mgeni afurahi. Ila wanapangana kabla. Anayejua ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu. Jiji zima linajua. Bibi yangu anajua."

Hoza hakucheka. Alikuwa anakitazama kishkwambi. "Mwalimu, hapo hapakuwa na mgeni. Palikuwa na kamera tu. Mwaka mzima."

"Basi mgeni alikuwa kamera," alisema Sikitu, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, kicheko kilimkauka.

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Kwenye kioo mikono ilikuwa ingali juu, ya kulia na ya kushoto, na ile ya kushoto ilikuwa kweli ya watoto wasiojua, waliokuja kufeli kweli mtihani ulipofika. Jicho halikukosea kuona. Liliona kama lilivyoonyeshwa. Kisha likafungwa juu ya ubao wa kila shule ya Jiji, likaanza kuwatafuta wajinga kwa alama hiyo hiyo. Wahandisi hawakuujua mchezo. Walimu waliujua, ila hakuna aliyewaambia. Nani atamwambia mgeni rasmi kwamba darasa alilolipigia makofi lilipangwa?

"Irudishe nyuma," alisema Sikitu. "Ile sauti."

"Mikono yote juu!" iliita sauti.

Aliijua. Alikuwa ameisikia mwaka mzima alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, akikaa nyuma ya darasa na kujifunza kutoka kwa mwenye sauti hiyo namna ya kushika chaki na namna ya kunyamaza. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Mlimuka, ambaye siku hizi ndiye Afisa Elimu wa Jiji.

*

"Sikitu! Karibu, mwanangu, karibu. Kisimani hawajambo?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Utakunywa chai, usikatae, nakujua."

Mlimuka alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho, na kola ya shati ilimpwaya. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa ramani ya Jiji, kila shule nukta moja inayong'aa. Nukta zote zilikuwa kijani.

"Unakumbuka ilikuwa rangi gani?" aliuliza, akifuata macho ya Sikitu.

"Nyekundu."

"Nyekundu pyu. Wewe darasa lako la kwanza lilikuwa na watoto mia na arobaini. Watatu walikuwa wanakaa dirishani. Na kwingine mwalimu mmoja alikuwa na watoto ishirini, kwa sababu mjomba wake alikuwa hapa ofisini anagawa vituo." Alimimina chai. "Jicho halina mjomba. Lilihesabu vichwa kila darasa, likasema mwalimu huyu aende pale, akaenda. Leo una wangapi?"

"Arobaini na watano."

"Arobaini na watano," alirudia, kama mtu anayetaja jina la mjukuu wake.

Sikitu hakuigusa chai. Watu wengi wakikasirika sauti hupanda, yake ilishuka. Ilikuwa imeshashuka tangu kwenye ngazi.

"Leo nimesikia sauti yako, mwalimu. Kwenye picha za Shule ya Mfano. Mikono yote juu."

Mlimuka aliweka birika chini. "Hoza," alisema.

"Sijamtaja mtu."

"Hahitaji kutajwa. Nani mwingine katika Jiji hili anauliza mambo?"

Njiani Sikitu alikuwa ameandaa maneno ya kumjibu mtu anayekana. Aliyapanga vizuri, moja baada ya jingine. Sasa mtu huyo hakukana, na maneno yote yakawa hayana kazi.

"Ulijua lini?"

"Niliona mapema. Kabla ya Mchujo wa kwanza."

"Kabla?"

"Kabla." Alimtazama usoni bila kupepesa. "Muhula ujao natoa waraka. Kila mtoto anyooshe mkono wa kulia, kwa ajili ya nidhamu. Hakuna atakayeuliza, nani katika nchi hii atatetea mkono wa kushoto? Tatizo limekwisha, bila kelele."

"Na wanaochujwa Ijumaa hii? Na waliokwisha kwenda?"

"Waliokwenda wamekwenda, Sikitu. Watakuwa mafundi."

"Shija angekuwa..." Alishika ukingo wa meza. "Shija anafungua betri kwa sababu wewe ulitaka kamera zikusifu."

Kwa mara ya kwanza Mlimuka aliinamisha macho. "Nilitaka shule ipate paa," alisema. "Walisema shule itakayofanya vizuri itaezekwa. Watoto walikuwa wananyeshewa. Ikaezekwa." Akainua tena macho. "Sasa nisikilize. Nikisema hadharani Jicho lilikosea hapa, watasema lilikosea kote. Wale wenye wajomba hawajafa. Wako nje ya mlango huu, wanangoja ufa mmoja. Wape wiki moja tu, na ukuta huu utakuwa mwekundu, na watoto wako watarudi dirishani. Mashoto ni mmoja katika kumi. Wewe ni mwalimu wa hesabu, piga."

"Mimi ni mwalimu wa sayansi."

"Vyovyote."

"Si vyovyote. Ulinifundisha wewe. Ulisema mtoto mmoja asipoelewa, somo halijaisha."

"Nilikuwa na darasa moja. Sasa nina Jiji."

Sikitu alisimama. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu huyu hakuwa mwongo, wala hakuwa mwizi. Zile nukta za kijani zilikuwa za kweli. Angekuwa ametafuna fedha za Jiji, ingekuwa rahisi. Sikitu angempigia kelele mpaka makarani watoke. Lakini Mlimuka alikuwa amekaa pale na shati linalompwaya, ameamua peke yake, kimya kimya, watoto wa nani watalipa.

"Keti kwanza," alisema Mlimuka kwa upole. "Una mmoja, sivyo? Usingekuja kama huna mmoja. Anaitwa nani?"

Hakutaka kumtaja. Jina lilitoka lenyewe. "Zamda."

"Afisa Elimu ana ruhusa ya kutia neno juu ya neno la Jicho. Sijawahi kuitumia. Zamda atakwenda sekondari. Wewe usifumbue mdomo mpaka Ijumaa ipite. Mchujo ukishafungwa hakuna wa kuufungua, hapo useme utakavyo, hata sokoni."

Sikitu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichukua mkoba wake.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mlimuka. Kwa miaka yote ya ualimu wake alikuwa akichukulia kimya kuwa ni ndiyo.

*

Hasira ilimshukisha ngazi, ikamvusha barabara, ikampitisha kituo cha basi bila kukiona. Akisema leo, huenda Mchujo ukasimamishwa na watoto wote wakapona. Na huenda usisimamishwe, na Zamda akawa wa kwanza kupandishwa gari la Stadi, maana neno la Mlimuka litakuwa limeondolewa. Akinyamaza, Zamda amepona, na Jiji zima lenye Zamda wengine linachujwa Ijumaa asubuhi. Alilipindua jambo hilo huku na huku, na kila alipolipindua alikuta pale pale: anamhesabu mtoto ambaye hakumzaa. Kufanya hivyo ndiko kulikomfanya amchukie Mlimuka saa moja iliyopita.

Kwa hiyo alikwenda kwa mama yake Zamda.

Mama Zamda alikuwa msusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi barazani kwake, na mteja amekaa mkekani katikati ya magoti yake, mwanamke mnene mwenye kucheka ovyo. Nusu ya kichwa cha mteja ilikuwa imeshasukwa twende kilioni, mistari imenyooka kama mashamba. Nusu ya pili ilikuwa imechanuliwa, imesimama wima.

"Mwalimu! Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama Zamda. Nina maneno. Labda tungeingia ndani."

"Sema hapa hapa. Huyu mama Tumsifu kichwa chake ninacho mkononi, atakimbilia wapi?"

Mteja akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Sema, mwalimu. Mimi ni kaburi."

Sikitu akasema. Alieleza polepole, kuanzia kwa mgeni rasmi, na kwa hilo wanawake wote wawili wakacheka, kwa sababu wote walikuwa wameunyoosha mkono wa kushoto siku zao. Kisha akaeleza kuhusu kamera, na Jicho, na Ijumaa, na chai ya Mlimuka, na ahadi aliyopewa. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Vidole vya mama Zamda havikusimama, ila vilizidi kukaza.

"We, utaning'oa ngozi!" alisema mteja.

"Tulia." Mama Zamda hakumtazama Sikitu. "Kwa hiyo mwanangu amepona."

"Nikinyamaza."

"Basi nyamaza! Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kukuuliza. Ni mtoto wako, si wangu."

"Kuniuliza." Chanuo lilipigwa chini. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini sikia. Umebeba mzigo, umeona mzito, umekuja kuutua kichwani kwangu ili wewe ukalale. Nikisema nyamaza, mimi ndiye niliyewatosa watoto wa wenzangu. Nikisema sema, mimi ndiye niliyemtosa wangu. Na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu, safi. Hivyo ndivyo mlivyofundishwa chuoni?"

Ilikuwa kweli.

"Mwalimu." Aliyesema sasa ni mama Tumsifu, na sauti haikuwa na kicheko. Alikuwa ametazama mbele, kichwa bado kimeinamishwa kama alivyowekwa. "Hilo Jicho lilianza kuwaangalia mashoto toka Mchujo wa kwanza?"

"Toka wa kwanza."

"Tumsifu wangu alipelekwa Stadi mwaka juzi. Anakula kwa kushoto yule. Nilimfunza mpaka nikachoka. Siku aliyochujwa nilimpiga. Alikuwa analia, anasema, mama, nilikuwa najua. Nikampiga kwa kusema uongo. Nikamwambia, Jicho limekuona wewe unasema limekosea? Umeniaibisha. Hivyo nilimwambia. Mpaka leo akija Jumamosi haniangalii."

Mama Zamda alikuwa ameshika msuko mmoja katikati, bila kuumalizia.

Mama Tumsifu alijisukuma kwa mikono, akainuka. Ule msuko ukamtoka msusi vidoleni, ukafumuka. Akajifunga upya kanga kiunoni, akaikaza kama mtu anayekwenda kugombana.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza!"

"Kwa dada yangu. Ana kijana darasa la sita, mashoto kama mjomba wake. Na yule muuza mkaa, binti yake. Na nyumba yoyote yenye mtoto."

"Na kichwa hicho? Utachekwa!"

"Wacheke."

Alishuka barazani. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umelala safi, upande wa pili umesimama kama moto wa majani, na watu waliokuwa wakipita walianza kugeuka kumtazama. Hakujishika kichwa. Alikuwa anasema peke yake kwa sauti, maneno yale yale, "alikuwa anajua, alikuwa anajua," na sauti ilikuwa inapanda.

Sikitu alimgeukia mama Zamda. Mwanamke huyo alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya baraza. Bado angeweza kuita. Mama Tumsifu alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Neno moja, niangalie na mimi shoga yangu, nina mmoja tu, na huenda angerudi kukaa mkekani mpaka Ijumaa ipite. Uso wake ulionyesha kwamba neno hilo analo, liko pale pale kwenye meno.

"Mama Tumsifu!" aliita.

Mwanamke mwenye nusu kichwa aligeuka.

"Usianze kwa dada yako, ni mwoga. Anzia kwa akina Chausiku pale kwenye tangi la maji. Wana watoto wanne na midomo sita!"

Mama Tumsifu aliinua mkono, akakunja kona.

Mama Zamda alikaa.

"Usinishukuru," alisema. "Sijakusamehe. Mwanangu akipandishwa gari lile, utakuja kukaa kwenye mkeka huu, kila siku, na utaniangalia."

"Nitakuja."

"Najua utakuja, ndiyo maana nimekuambia." Alivuta pumzi, akakusanya rasta zilizotawanyika mkekani, akamsukumia Sikitu fungu moja zima lililosokotana. "Kaa chini unichambulie hizi, usikae kama mgeni. Ninavyomjua yule, leo harudi tena. Kesho asubuhi aje nimalizie upande wake wa pili. Na kama hakuja, nitamfuata huko huko aliko, na chanuo langu, nimsuke akiwa anasema."